Mupishi yuko na karatasi ya munganga: je, chakula chako kimelindwa?

Saa sita ya muchana, katika malewa ya Kadutu kule Bukavu ao ya Birere kule Goma, mambo ni yale yale. Maharagi iko juu ya makala, bugali imefunikwa, sombe inachemka, na mama anapakua haraka sababu wateja ni wengi. Mukono uleule unapokea franga, unashika sahani, unakata limau. Mara ingine, ukiangalia kwenye ukuta, utaona karatasi yenye stampi: mupishi amepimwa, yuko muzima, anaweza kazi.

Wengi wetu tukiona karatasi ile, roho inatulia. Tunasema hapa kuko usafi. Wenye restora nao wanatulia, sababu ajenti wa hijeni akipita, iko kitu ya kumuonyesha. Ni vilevile katika kantini za masomo, jikoni za hospitali, kambi za wachimba madini na kampani zinazolisha wafanyakazi wao.

Lakini karatasi ile inasema nini kwa kweli? Na kuko mambo gani ambayo haiwezi kusema? Katika ukurasa huu tutaeleza kile munganga anatafuta akimupima mupishi, kile labo inaona na kile haioni, na sababu gani mupishi mwenye karatasi safi anaweza kugonjwesha watu makumi kwa siku moja.

Munganga anatafuta nini?

Ekzame ya mutu anayeshika chakula inapaswa kuanza na maongezi, hata mbele ya sindano ao kikopo cha labo. Munganga anauliza: umekuwa na kuhara siku hizi? Ulitapika? Ulipata homa? Macho yako yaligeuka manjano? Ulishawahi kuugua tifoide? Nyumbani kwako kuko mutu anayehara? Maulizo haya hayaombi mashini yoyote, lakini yanaonyesha mengi, ikiwa mutu anajibu ukweli. Hili la ukweli tutalirudilia.

Kisha munganga anaangalia mwili. Anaangalia mikono, kucha, ngozi, macho, masikio na pua. Kidonda chenye usaha kwenye kidole si jambo dogo. Ndani yake munaweza kuwa mikrobe inaitwa stafilokoke. Mikrobe hiyo ikiingia katika chakula kilichopikwa na chakula kikakaa saa nyingi katika joto la jikoni, inatoa sumu. Sumu hiyo haifi hata ukirudisha chakula kwenye moto. Watu wanakula, na katika saa chache tu, mara nyingi kati ya moja na sita, wanaanza kutapika. Watu wengi wanasema wamelogwa ao wamepewa sumu kwa makusudi. Kumbe ni kidole cha mupishi na nyama iliyobaki inje tangu asubui.

Kisha inakuja labo. Mara nyingi wanaomba haja kubwa, na fundi wa labo anaiangalia chini ya mikroskopi. Kwa njia hii anaweza kuona mayai ya minyoo, amiba na jiardia. Amiba na jiardia zinapita kwa urahisi kutoka kwa mikono hadi kwenye chakula, kwa hiyo kuzitafuta ni jambo la maana.

Kuko pia tenia, ule munyoo murefu mutu anaupata akikula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri. Mutu mwenye munyoo huo anatoa mayai katika haja kubwa. Asiponawa mikono, mayai yanaingia katika chakula cha wengine. Yule anayeyakula anaweza kupata vifuko vya munyoo ndani ya misuli, na hata ndani ya ubongo. Hii ni moja ya sababu za kifafa katika mahali ambapo nguruwe wanatembea ovyo na vyoo ni vichache. Kwa hiyo kumutunza mupishi mumoja mwenye tenia ni kulinda vichwa vya watu wengi.

Lakini si kila munyoo unapita hivyo. Mayai ya askarisi, ile minyoo minene ya watoto, yanapaswa kukaa katika udongo karibu majuma mawili ao zaidi mbele yaweze kumuambukiza mutu. Mupishi mwenye askarisi apewe dawa yake, lakini si yeye anayekuambukiza leo kwa mikono yake. Huyo munyoo unaupata zaidi kwa mboga na matunda yenye udongo ambayo hayakuoshwa vizuri.

Kile mikroskopi haioni

Hapa njo watu wengi wanadanganyika. Mikrobe ya tifoide, yenye kuitwa Salmonella Typhi, haitambulikane kwa kuangalia tu haja kubwa chini ya mikroskopi. Inafaa kuiotesha katika labo, kazi ambayo waganga wanaita kiltire, na inaomba siku mbili, tatu ao zaidi. Tena, mutu anayebeba mikrobe hiyo haitoi kila siku. Leo anaweza kuitoa, kesho hapana. Njo maana kwa kuhakikisha kwamba mutu ameisha kabisa tifoide, waganga wanaomba kupima mara nyingi, kwa kawaida mara tatu, siku mbalimbali. Kipimo kimoja kilicho safi hakitoshi kusema mutu huyu habebi.

Na ile ekzame ya damu inayoitwa Widal? Inajulikana sana huku kwetu, na watu wengi wameisha kuambiwa wako na tifoide sababu yake. Widal inatafuta alama za mapigano ya mwili na mikrobe, haitafuti mikrobe yenyewe. Mutu aliyeugua zamani anaweza kuonekana na alama hizo, hata kama sasa ni muzima. Mwingine anaweza kuwa anabeba mikrobe na Widal isionyeshe kitu. Kumunyima mupishi kazi ao kumupa kazi kwa sababu ya Widal moja ni kufunga ao kufungua mulango bila kuangalia ni nani anayepiga hodi.

Kwa kolera, muda wenyewe unakataa. Mutu aliyemeza mikrobe ya kolera anaweza kuanza kuhara katika saa chache tu, ao siku mbili, tatu, mupaka tano. Huku kwetu, kwenye ufuko wa ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, tunajua namna kolera inatembea. Wazee wa Goma hawajasahau mwezi wa saba 1994, wakati kolera na kuhara damu viliua watu maelfu na maelfu katika kambi za wakimbizi. Sasa mupishi aliyepimwa mwezi wa kwanza, karatasi yake itasaidia nini kama kolera inafika katika kartier mwezi wa tatu? Karatasi ilisema ukweli wa asubui moja. Asubui ile imepita.

Ugonjwa wa maini wa aina ya A nao uko na ujanja wake. Mutu anaweza kuanza kutoa virusi karibu majuma mawili mbele macho yake yageuke manjano. Wakati ule anajisikia muzima, anapika, anapakua. Akianza kuonekana mugonjwa, wengine wameisha kuambukizwa.

Kuko pia mambo ambayo hayana kazi katika ekzame hii. UKIMWI hauambukizwi kwa chakula. Ugonjwa wa maini wa aina ya B vilevile hauambukizwi kwa sahani. Kifua kikuu kinapita kwa hewa. Ni vizuri mutu anayekohoa majuma mawili apimwe, kwa faida yake na ya wenzake wanaofanya naye kazi, lakini si chakula chake kitakachoambukiza. Mwenye restora anayelazimisha wapishi wapimwe UKIMWI halindi mutu yeyote. Tena anagusa sheria: kule Kongo, sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na inakataza kuwabagua kwenye kazi.

OMS ilisema nini?

Mambo haya si maoni ya mwandishi tu. Katika mwaka wa 1988, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliita wataalamu wachunguze kama kupima wapishi mara kwa mara kunazuia magonjwa ya chakula. Jibu lao lilitoka katika kitabu mwaka wa 1989: kupima watu mbele ya kuwaajiri na kuwapima tena kila muda fulani hakuzuii sana magonjwa haya, na pesa inayoingia hapo ni nyingi kuliko faida. Walishauri nguvu iwekwe zaidi katika kufundisha watu wa jikoni, na katika kuhakikisha kwamba mutu akigonjwa anasema na anaacha kushika chakula.

Na magonjwa haya si kitu kidogo. Mwaka wa 2015, OMS ilitoa hesabu: kila mwaka ulimwenguni watu karibu milioni 600 wanagonjwa kwa sababu ya chakula kibaya, na 420 000 wanakufa. Kati yao, 125 000 ni watoto wenye chini ya miaka mitano. Kwa Afrika peke yake, hesabu ilikuwa wagonjwa zaidi ya milioni 91 na wafu 137 000 kwa mwaka. Kwa hiyo ulizo si kama tulinde chakula ao tusilinde. Ulizo ni kujua kitu gani kinalinda kweli.

Hadisi ya mupishi mumoja

Mutu atauliza: lakini wabebaji wa tifoide, wale wasiojisikia wagonjwa, si lazima tuwatafute? Ni ulizo la haki, na jibu linapatikana katika maisha ya mwanamuke mumoja aliyejulikana ulimwenguni kote.

Mary Mallon alizaliwa Irlandi mwaka wa 1869, akahamia Marekani na kuwa mupishi katika nyumba za matajiri. Mwaka wa 1906, katika nyumba moja karibu na New York, watu sita kati ya kumi na mumoja wakaugua tifoide. Mutu aliyefanya uchunguzi, George Soper, akafuata njia ya mupishi: katika jamaa nane alizopikia, saba zilipata tifoide, na wagonjwa walikuwa 22. Yeye mwenyewe hakuwa na homa wala maumivu. Mikrobe ilikuwa imejificha ndani ya mwili wake. Inajulikana leo kwamba kati ya watu 100 wanaougua tifoide, mumoja mupaka watano wanaendelea kuibeba muda murefu, mara nyingi ndani ya kifuko cha nyongo.

Mwaka wa 1907 wakuu wa afya walimukamata na kumufungia kwenye kisiwa. Walimuachilia mwaka wa 1910, kwa sharti moja: asipike tena. Akapewa kazi ya kufua nguo. Lakini mushahara wa kufua ulikuwa mudogo kuliko wa kupika. Akabadilisha jina na kurudi jikoni. Mwaka wa 1915 walimukuta anapika katika hospitali moja ya wazazi kule New York, na hapo watu 25 walikuwa wameugua, wawili wakafa. Wakamurudisha kisiwani, akabaki kule mupaka kufa kwake mwaka wa 1938.

Watu wengi wanasimulia habari hii ili kuonyesha ubaya wa mupishi. Lakini tuangalie vizuri. Ekzame ilimupata. Labo ilifanya kazi yake. Kitu kilichokosekana ni kazi ingine inayoweza kumulisha. Mutu akiambiwa "usishike chakula" na haambiwi atakula nini yeye mwenyewe, njaa itamurudisha jikoni, na safari hii atajificha.

Tatizo la kweli: mutu anayenyamaza

Turudi katika malewa yetu. Tuseme binti anayepakua ameamuka usiku mara nne kwenda chooni. Analipwa kwa siku. Akibaki nyumbani, hakuna franga ya leo, na watoto watalala vile. Akienda na kumuambia patroni kwamba anahara, ataambiwa: rudia nyumbani, tutatafuta mwingine. Kesho nafasi yake imechukuliwa. Basi atafanya nini? Atakunywa dawa ya kufunga tumbo, atavaa kitambaa, atakuja kazini. Na kwenye ukuta, karatasi yake ya miezi miwili iliyopita bado inasema yuko muzima.

Hapo njo ugonjwa unapita. Kitu kinacholinda wateja siku ile ni binti kuweza kusema "leo niko mugonjwa" bila kupoteza mukate wake.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inaomba kwamba mutu anayeajiriwa awe na cheti cha munganga kinachoonyesha anaweza kazi ile. Wenye kazi wengi wanajua sehemu hiyo. Lakini sheria ileile inamupa pia mwajiri muzigo wa kushurulikia matunzo ya mufanyakazi wake akigonjwa. Sehemu hiyo inasahauliwa haraka, zaidi kwa wapishi wasio na kontra ya maandishi, na hao njo wengi.

Mwenye restora anaweza kusema hana uwezo. Lakini kuko njia zisizo za gharama kubwa. Mutu anayehara anaweza kupewa kazi ingine siku mbili ao tatu: kupokea pesa, kutafuta makala, kufagia inje. Wapishi wanaweza kupokezana. Malewa ndogo zinazopakana zinaweza kupatana kusaidiana. Siku mbili za mushahara wa binti mumoja ni kidogo kuliko kupoteza wateja wote baada ya habari kuenea kwamba chakula cha pale kimegonjwesha watu.

Wakati gani mutu asishike chakula?

Hizi ni kanuni zinazotumiwa katika inchi nyingi, na zinaweza kuandikwa kwenye ukuta pembeni ya karatasi ya munganga:

Mutu anayehara ao anayetapika asishike chakula, wala vyombo, mupaka saa 48 zipite tangu kuhara na kutapika kuishe. Kuisha leo asubui na kurudi kazini leo muchana ni mapema, sababu mikrobe inaendelea kutoka hata mutu akijisikia vizuri.

Mutu ambaye macho yake yamekuwa manjano aende kwa munganga, na asirudi jikoni mbele munganga amuruhusu. Ni vilevile kwa yule anayehara damu.

Mutu aliyeugua tifoide arudi jikoni tu kama munganga amehakikisha, kwa vipimo vya haja kubwa vilivyooteshwa, kwamba habebi tena.

Mutu mwenye kidonda ao jipu mukononi afunike vizuri kwa kitu kisichopitisha maji. Kama haiwezekani kufunika, afanye kazi ingine.

Na kama nyumbani kwa mupishi kuko mugonjwa wa kolera, aseme mara moja, hata kama yeye bado anajisikia muzima. Kituo cha afya ao ofisi ya zoni ya afya itaeleza la kufanya.

Basi, tuache ekzame?

Hapana. Ekzame iko na nafasi yake. Mbele ya kumuajiri mutu, maongezi mazuri na munganga yanaweza kuvumbua tifoide ya zamani, kidonda kisichopona, kikohozi cha muda murefu. Ni pia nafasi ya kumupa mupishi mafundisho. Wakati wa ugonjwa kuenea, kupima watu wa jikoni kunasaidia kujua ulitoka wapi. Na kwa wanaopikia wagonjwa katika hospitali, watoto wadogo ao wazee, uangalifu lazima uzidi.

Lakini ekzame iwe ya kweli. Stampi inayouzwa bila mutu kuangaliwa ni hatari kuliko kukosa karatasi, sababu inatulaza usingizi. Munganga anapaswa kumuona mupishi, kumuuliza, kumugusa. Na matokeo ni siri ya mupishi na munganga. Patroni anapaswa kupewa jibu moja tu: anaweza kazi hii, ao hawezi kwa muda fulani. Hana haki ya kujua mengine. Mupishi akijua siri yake italindwa, njo atajibu ukweli.

Na yule anayeomba karatasi, ni vema yeye alipe. Kama mupishi analazimishwa kutoa pesa yake ya siku tano kwa ajili ya stampi, atatafuta stampi ya bei chini, na sisi wote tunajua zinapatikana wapi.

Kitu cha kuangalia mbele ya karatasi

Tangu mwaka wa 2001, OMS inafundisha mambo matano kwa chakula salama: kufanya usafi, kutenga vibichi na vilivyopikwa, kupika mupaka kuiva kabisa, kutunza chakula katika joto linalofaa, na kutumia maji na vitu vilivyo salama. Kwa maisha yetu, inamaanisha hivi.

Kuwe bido yenye robine, maji na sabuni, karibu na jikoni na karibu na choo. Wakati wa Ebola ya 2018 mupaka 2020, kule Beni, Butembo, Mambasa na Goma, bido hizo zilikuwa mbele ya kila mulango. Watu walinawa mbele ya kuingia kanisani, dukani, kwenye masomo. Ugonjwa uliisha, na bido nyingi zikatoka. Hakuna sheria inayokataza kuzirudisha. Kama sabuni imekosekana, majivu safi yanasaidia.

Anayepokea franga asiwe yule anayeshika chakula. Kama ni mutu mumoja tu, anawe ao atumie kijiko.

Sambaza na nyama mbichi zikatwe kwa kisu na ubao wao, si kwa kisu cha nyanya na limau. Chakula kilichopikwa kisikae inje ya moto zaidi ya saa mbili. Kwa sababu umeme huku unakatika, ni vizuri kupika kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, kuliko kupika sufuria kubwa moja asubui na kuirudisha kwenye moto mangaribi. Chakula cha moto kiwe moto wa kutoa moshi. Na maji ya ziwa ao ya muto yatiwe dawa ao yachemshwe, hata yale ya kuoshea sahani.

Wewe mteja unaweza kuangalia mambo haya kwa dakika moja, ukisimama kwenye mulango. Huhitaji kuwa munganga. Angalia kama iko maji ya kunawa, na kama sabuni imelowana. Sabuni kavu, yenye vumbi, ilinunuliwa kwa ajili ya ajenti wa hijeni.

Na wewe mwenye restora, ao wewe unayesimamia kantini, karatasi zako ziweke kwenye ukuta kama kawaida. Lakini kesho asubui, mbele moto uwashwe, uliza watu wako kimoja kimoja: nani tumbo linamuuma leo? Na yule atakayejibu "mimi", usimufukuze.